UNATAKA KWENDA NG'AMBO? UTAKWENDA KUFANYA NINI?



Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usimpe mama muuza maandazi akafungie. Dakika kumi tu zinatosha. Kama huna nafasi sasa, ikunje uweke mfukoni, utaisoma usiku.

Nianze na jambo unalolijua vizuri kuliko mimi. Pale kijiweni hadithi ni moja tu: KUTOKA. Huyu anafuatilia pasi, yule ana mjomba Oman amemwahidi kazi, mwingine amesikia kuna njia ya kupitia nchi fulani. Yuko aliyezamia meli bandarini, na mpaka leo mama yake hajasikia sauti yake. Zamani vijana walitazama picha za magazeti, leo picha inakufuata kwenye simu: rafiki yako amesimama kwenye theluji, ameegemea gari ambalo huenda hata si lake, na moyo wako unaruka. Majuu! Hata makanisani, tusifichane, wako wanaofunga na kuomba kwa ajili ya viza kwa bidii ambayo hawajawahi kuomba nayo utakatifu.

Sasa usiseme mhubiri anakataza watu kusafiri. La! Kusafiri si dhambi. Ibrahimu alisafiri, Paulo alisafiri mpaka meli ikavunjika. Mimi nakuuliza swali moja tu, nalo nataka ulijibu kweli kutoka moyoni: ukifika huko, utakwenda kufanya nini? Na wewe mwenyewe, yule unayembeba ndani yako, utamwacha wapi?

Kuna kijana katika Biblia alikwenda majuu. Soma Luka 15. Alidai urithi baba akiwa mzima, akabeba fedha, akaenda nchi ya mbali. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri: marafiki, starehe, wanawake. Fedha ilipokwisha na njaa ikaingia, yule mtoto wa tajiri akajikuta analisha nguruwe na kutamani maganda yao. Ng'ambo haikumbadilisha. Ilimpa nafasi tu ya kuwa vile alivyokuwa tayari ndani yake. Naye Yona alikata tikiti ya meli kwa fedha yake, safari ya kwenda Tarshishi, kumbe anamkimbia Mungu. Je, ziko meli za kumkimbia Mungu? Zipo, na nauli yake ni kubwa.

Lakini leo nataka nikueleze habari za kijana mwingine. Huyu alikuwa anaishi huko huko unakokutamani, Marekani. Hakuhitaji viza ya kwenda kwa wazungu, alikuwa mzungu. Siku moja akauza vitu vyake, akaondoka.

MAMA ALIYEKUWA NA ORODHA

Jina lake ni George Verwer. Alizaliwa mwaka 1938, akakulia New Jersey, si mbali na jiji la New York. Kijana wa kawaida, mchangamfu, anapenda dansi, anapenda wasichana, anapenda fedha. Na kwa siri alikuwa na kifungo. Mwenyewe baadaye alikisema hadharani bila aibu, mpaka uzeeni: picha chafu. Alikuwa mtumwa wa picha za uchi.

Unasoma taratibu sasa, sivyo? Ndiyo, hata wakati ule yalikuwepo. Tofauti ni kwamba yeye ilibidi ayatafute kwenye magazeti na kuyaficha, wewe yanakutafuta wewe mwenyewe saa sita za usiku chini ya shuka. Shetani habadilishi dhambi, anabadilisha vifungashio.

Basi karibu na sekondari aliyosoma George alikuwepo mama mmoja, Dorothea Clapp. Huyu mama hakuwa mchungaji wala mwinjilisti mwenye vipaza sauti. Alikuwa mama wa nyumbani. Kazi yake ilikuwa hii: kuwaombea wanafunzi wa shule ile. Aliomba mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi, na zaidi. Ombi lake lilikuwa kubwa kupita kiasi: kwamba wanafunzi wale waokoke, kisha watoke waende mpaka miisho ya dunia. Jina la George likaingia kwenye orodha yake. Siku moja akamtumia kwa posta kitabu kidogo, Injili ya Yohana.

Kitabu kikafika. George hakuokoka siku hiyo. Kitabu kilikaa. (Wewe unayegawa trakti hizi, usikate tamaa mtu akiiweka mfukoni bila kuisoma.) Mwaka 1955, akiwa na miaka 16, akaenda kwenye mkutano wa Injili katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mhubiri alikuwa Billy Graham. Wito ulipotolewa, George akasimama. Usiku ule akampa Yesu maisha yake.

Hakurudi nyumbani kunyamaza. Alirudi shuleni na moto! Akagawa Injili za Yohana kwa wanafunzi wenzake, akaandaa mikutano, na inasimuliwa kwamba katika muda wa mwaka mmoja hivi wanafunzi wapatao 200 walimkubali Yesu. Yule mama na orodha yake! Haleluya!

Sijui nani anakuombea wewe. Pengine ni bibi yako kijijini, na unamwona mshamba na leso yake ya kichwani. Pengine ni mama yako, yule unayemfungia mlango akianza kuomba kwa sauti. Pengine ni dada wa kwaya ambaye hata hujui kwamba analijua jina lako. Nina hakika ya jambo moja: karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati.

LIKIZO YA MWAKA 1957

George akaingia chuoni, Maryville College, jimbo la Tennessee. Sasa likizo ndefu ya kiangazi ilikaribia. Unajua wanafunzi wa kule hufanya nini likizo ile: wengine hufanya kazi wapate ada, wengine huenda pwani kuota jua. George na wenzake wawili, Dale Rhoton na Walter Borchard, walikuwa na shauri lingine. Walikuwa wamesikia kwamba kusini mwao, nchi jirani ya Meksiko, wako watu wengi mno ambao hawajawahi kushika hata kipande cha Injili kwa lugha yao.

Vijana wale watatu hawakungoja mfadhili. Waliuza baadhi ya mali zao. Wakapata gari kuukuu, wakalijaza maandiko ya Kihispania, trakti zipatazo 20,000 na vitabu vya Injili ya Yohana vipatavyo 10,000, wakashika njia. Mwaka ni 1957. George anatimiza miaka 19.

Fikiri kidogo hapo. Wewe unawaza namna ya kuingia Marekani, na hawa wanatoka Marekani, tena kwa gari bovu, kwenda nchi maskini kuliko yao, kutoa bure. Na usidhani mlango ulikuwa wazi. Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917 iliibana dini sana. Ibada ilitakiwa iwe ndani ya majengo ya ibada, na mgeni hakuruhusiwa kuwa kasisi wala mchungaji. Sheria zile zilikuja kulegezwa mwaka 1992. Lakini kitabu mkononi kilipita. Mtu alikipokea, akaenda nacho nyumbani, akakisoma kwa taa yake.

Safari hiyo ya likizo moja iliwaharibia maisha! Naam, nimesema iliwaharibia, maana baada ya hapo hawakuweza tena kuishi kama wengine. Likizo zilizofuata walirudi tena. George akahamia chuo cha Biblia cha Moody kule Chicago, na huko akampata binti aitwaye Drena. Walioana mwaka 1960, na mwaka huo huo wakahamia Hispania, wakati wa utawala wa Franco, ambapo watu wa makanisa ya kiinjili waliishi kwa kubanwa. Binti za siku hizi, huyu dada alikubali kuolewa na mtu asiye na kitu zaidi ya maboksi ya trakti. Mimi namheshimu kuliko mumewe.

Mwaka 1961 George na mwenzake wakaingia Urusi ya Kisovieti na maandiko ndani ya gari. Wakakamatwa. Wakadhaniwa wapelelezi, wakahojiwa, wakafukuzwa nchini mpaka Austria. Mtu wa mwili angesema: basi, imeshindikana, turudi nyumbani. George akaingia katika maombi. Katika maombi hayo akaona kitu: kumbe kazi hii si ya Wamarekani wachache wenye gari! Wako vijana elfu nyingi Ulaya wenyewe, wanafunzi wenye likizo, wamekaa makanisani wanapasha viti moto. Waamke! Waende! Kiangazi cha 1962 walikwenda vijana wapatao 200. Kiangazi cha 1963 walikuwa wapatao 2,000. Wanafunzi, mafundi, wauguzi, wakilala sakafuni, wakila mkate na supu, wakigonga milango ya watu wasiowajua. Kazi ile ikaitwa Operation Mobilisation, nayo ipo mpaka leo.

Kisha wakanunua meli. Si ya kuzamia! Mwaka 1970 wakanunua ya kwanza, Logos, ikazunguka bandari za dunia ikiwa na vitabu na vijana wa mataifa mengi. Mnamo Januari 1988 ikapanda miamba kusini kabisa ya Chile, ikafa hapo. Hakuna mtu hata mmoja aliyepoteza maisha. Ya pili iliitwa Doulos, maana yake mtumwa, chombo kilichoundwa mwaka 1914 na kilichofanya kazi hiyo mpaka mwishoni mwa 2009.

Lakini nisikudanganye kwamba kila safari ilikwisha kwa vigelegele. Agosti 1991, Doulos ikiwa Zamboanga, Ufilipino, watu walirusha bomu la mkono katikati ya ibada. Wasichana wawili wa meli, mmoja wa New Zealand na mmoja wa Sweden, wakafa pale pale ugenini. Hawakwenda kutafuta fedha. Wazazi walipokea maiti za watoto wao. Ndiyo maana nasema, anayekuhubiria Injili isiyo na gharama, mwulize ameipata wapi. Yesu hakuificha bei. Soma Luka 14, kuanzia mstari wa 28, habari ya mtu anayehesabu gharama kabla hajajenga mnara.

USISEME "HAYO NI YA WAZUNGU"

Najua umeshaanza: "Mhubiri, hao ni wazungu, wana pasi nyekundu, wana dola." Ngoja kidogo.

Wazee wetu wa kule Bukoba, wa Rwanda na wa Uganda, wanaopokeana kwa wimbo wa Tukutendereza, wanaijua habari hii. Mwaka 1928 daktari kijana kutoka chuo kikuu cha Cambridge, Joe Church, alifika Gahini, Rwanda. Alikuta njaa kali. Akafanya kazi mpaka akachoka mwili na roho. Mwezi Septemba 1929 akaenda Kampala, na pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Siku mbili wakafungua Biblia pamoja, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu. Yule msomi aliyekuja kutoa alikuwa mtupu, akakubali kupokea, na aliyesimama naye alikuwa Mwafrika. Wakatoka pale watu wapya wawili. Uamsho wa Afrika Mashariki ukaenea, watu wakarudisha mali za wizi, wakaungama uzinzi, maadui wakapatana.

Na nani alivuka mpaka? Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliacha kwao Uganda akaenda Rwanda, kule Gahini, kufundisha na kuhubiri. Kijana mweusi, nchi ya ugenini. Alifariki Januari 1936, bado kijana, na moto aliouwasha haukuzimika. Hivyo usiniambie ya wazungu.

Tena nikuongezee. Si kila anayesafiri na Biblia ametumwa. Wako wanaokuja huku wiki mbili, wakapiga picha na watoto wachafu wa pua, wakarudi kwao kusimulia. Na wako wa kwetu wanaotaka "huduma ya kimataifa" wakati jirani yao wa ukuta kwa ukuta hajawahi kusikia kwao neno la Yesu. Mama Clapp hakupanda meli yoyote. Alipiga magoti barabara moja na shule. Mbinguni sijui nani atakuwa na taji kubwa, yeye au George.

ALIYETOKA MBALI KULIKO WOTE

Sasa tuje kwako, maana sikukusudia kukupa historia tu.

Kuna Mmoja aliyeacha nchi nzuri kuliko Marekani. Huko hakuna njaa, hakuna hospitali, hakuna makaburi. Aliiacha. Hakuja kutafuta maisha, alikuja kutoa maisha. Alizaliwa zizini kwa watu maskini, akala jasho la useremala, akalala kwenye mashua za wavuvi. Kwake mwenyewe alikuja, na watu wake hawakumpokea. Huyo ni YESU KRISTO. Walimtundika msalabani kama mhalifu, na damu yake ikamwagika kwa ajili yako wewe unayesoma. Siku ya tatu akafufuka! Soma Wafilipi 2, mstari wa 5 mpaka wa 11, uone alishuka mpaka wapi.

Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu dhambi yako haiwezi kuhama kwa kubadili nchi. Ukiwa mwongo Manzese, utakuwa mwongo Manchester. Bangi unayovuta Mombasa utaivuta Muscat, mpaka ufungwe. Yule binti uliyempa mimba ukamkana, utamkumbuka hata ukiwa kwenye ghorofa la thelathini. Hofu ya mauti haiombwi pasi mpakani. Unahitaji moyo mwingine, na moyo mwingine hauuzwi ubalozini. Yesu alimwambia Nikodemo, tena msomi, mtu mzima, kwamba asipozaliwa mara ya pili hatauona ufalme wa Mungu. Ni Yohana 3, ile ile Injili ya Yohana aliyotumiwa George kwa posta.

Utaniuliza, "Nikiokoka nitakuwa mtu gani? Vijana watanicheka." Watakucheka, kweli. Siku tatu nne. Halafu mmoja atakuja usiku, peke yake, akuulize umewezaje kuacha pombe. Mimi nimewaona vijana wa aina hiyo, walioingia uwanjani kuiba simu wakati watu wamefumba macho, wakatoka wakilia na wakarudisha simu.

George Verwer alifariki tarehe 14 Aprili 2023, akiwa na miaka 84. Alipenda kuvaa koti lililochorwa ramani ya dunia nzima, mabara yote mgongoni na kifuani, mzee wa watu akihubiri nalo kama kijana. Hakuwa Mpentekoste kama sisi, na sisi hatumwonei haya kwa hilo. Aliokoka, akajaa, akaenda. Vile picha chafu zilivyokuwa zimemshika, angeweza kuishia mzee wa sirini, mwenye dhambi ile ile na miwani. Yesu alimfungua.

Na wewe? Sikuambii leo uende Meksiko. Nakuambia njoo kwa Yesu. Akikupata, mengine ni juu yake. Huenda likizo ijayo utajikuta na wanafunzi wenzako kijiji kimoja ambacho hujawahi kukisikia, unalala darasani juu ya madawati yaliyounganishwa, unahubiri sokoni na sauti imekauka. Huenda utavuka mpaka kweli, na pasi utapata kwa njia ya haki. Huenda utabaki mtaani kwako, na mtaa wenyewe utashangaa.

Kama moyo wako unagonga sasa hivi, usingoje mkutano wa mwakani. Mwizi pale msalabani hakuwa na mwaka mwingine. Popote ulipo, hata kama ni ndani ya daladala, sema na Yesu hivi, kwa sauti au kimoyomoyo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekukimbia kwa miguu yangu mwenyewe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Naikana dhambi, namkana Shetani na kazi zake, na kile kifungo changu cha siri unachokijua. Futa jina langu katika hukumu, uliandike katika kitabu cha uzima. Nijaze Roho wako Mtakatifu. Kuanzia leo mimi ni wako, nitume unapotaka. Amina."

Umeomba? Basi usikae nayo peke yako. Rudi uwanjani leo jioni, mfuate mhudumu aliyekupa karatasi hii, mwambie, "Nimeokoka." Atakuombea na kukuonyesha kanisa la kiroho lililo karibu na kwako. Kama ni mwanafunzi Tanzania, uliza shuleni au chuoni kwako wako wapi CASFETA, UKWATA au TAFES. Kenya uliza umoja wa Wakristo wa chuo chako. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Zile picha zifute leo, kabla hujalala. Namba ya yule mtu anayekuuzia bangi, ifute pia.

Kisha chukua kipande cha karatasi, andika majina matatu ya rafiki zako wa kijiweni, uanze kuwaombea.

UKIMALIZA KUSOMA, MPE MWENZAKO.